Muulize Mama Vitabu: Sayaka Murata na duka lisilofungwa

Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa juu ya Sayaka Murata, mwandishi wa Tokyo aliyekuwa akiuza dukani huku akiandika riwaya. Barua zenu zimenionyesha kwamba nusu ukurasa haukutosha. Basi safari hii nimempa safu nzima, tena kwa furaha, maana ni mwandishi ninayemrudia kila mwaka.

*

*Shikamoo Mama Vitabu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Naomba unieleze huyu Murata ni nani na alianzaje kuandika.*

Marahaba mwanangu. Alizaliwa Agosti 1979 katika mji wa Inzai, mkoa wa Chiba, ambao umepakana na Tokyo. Inzai ya utoto wake ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa makazi: mashamba yanasawazishwa, nyumba zinajengwa zinazofanana, familia zinahamia kutoka kila upande. Nakuomba uikumbuke picha hiyo. Mwaka 2013 alipata Tuzo ya Mishima Yukio kwa riwaya ya msichana anayekua katika mji mpya wa namna hiyo, wenye nyumba nyeupe na barabara zilizoishia njiani baada ya ujenzi kusimama.

Alianza kuandika akiwa shule ya msingi. Alipofika darasa la nne mama yake alimwona anahangaika kuandika hadithi kwa mkono, akamnunulia mashine ya kuchapia. Alisoma Chuo Kikuu cha Tamagawa, na akajifunza uandishi kwa Akio Miyahara, mwandishi aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Akutagawa mwaka 1972. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitambuliwa mwaka 2003 katika shindano la waandishi wapya la jarida la Gunzo. Hiyo ilikuwa miaka 13 kabla ya ulimwengu kumjua. Katika miaka hiyo yote alikuwa anaandika, anachapisha, na anakwenda dukani kwa zamu yake.

*

*Mama Vitabu, mimi ni keshia wa supamaketi na nimeandika riwaya nusu. Uliposema Murata alifanya kazi dukani karibu miaka 18, nilifarijika, kisha nikajiuliza: angeacha kazi mapema si angeandika zaidi? Mimi niache?*

Mdogo wangu, siwezi kukuamulia kuhusu kodi ya nyumba yako. Nitakueleza alivyoishi yeye, halafu utapima.

Alianza kazi ya konbini akiwa mwanafunzi wa chuo. Konbini ni lile duka dogo la Kijapani lisilofungwa usiku wala sikukuu. Mtu anaingia kununua tonge la wali lililofungwa kwa mwani, kahawa, soksi au betri, na hapo hapo kaunta analipia bili ya umeme na kutuma kifurushi. Japani ina zaidi ya maduka 50,000 ya aina hii. Murata alikuwa msichana mwenye haya nyingi. Amewaeleza waandishi wa habari kwamba dukani aliamriwa apaze sauti na aseme kwa uchangamfu, na kwa kuamriwa hivyo akaweza. Sare na mwongozo wa kazi vilimpa namna ya kusimama mbele ya watu.

Ratiba aliyoizoea ilikuwa hivi: anaamka saa 8 usiku, anaandika hadi saa 12 asubuhi. Saa 2 asubuhi anaingia zamu, anatoka saa 7 mchana. Kisha anaketi mkahawani na kuendelea kuandika. Ukiitazama ratiba hiyo haraka utaona mtu anayeiba muda wa kuandika kutoka kwenye ajira. Mimi naona kinyume. Zamu ndiyo iliyomfungia siku, ikamlazimisha kuamka, ikamwonyesha mamia ya watu ambao hawakujua kwamba wanatazamwa.

Fungua *Konbini Ningen*, riwaya iliyompa jina, ambayo kwa Kiingereza inaitwa *Convenience Store Woman*. Inaanza kwa sauti za duka: kengele ya mlango, tangazo la bidhaa mpya, mlio wa mashine inayosoma bei, chupa ya friji inayoteleza mbele mwenzake anapochukuliwa. Mhusika mkuu, Keiko Furukura, yuko mbali na kaunta akipanga bidhaa, anasikia sarafu zikigongana mfukoni mwa mteja. Kwa sauti hiyo tu anatambua kwamba huyu huenda anataka sigara au gazeti, anakimbilia kaunta kabla hajaitwa. Mtu aliyekodi chumba tulivu ili awe mwandishi hawezi kuandika ukurasa huo. Anauandika aliyesimama pale miaka, miguu ikimuuma.

Na ujue hili pia. Julai 2016, siku ilipotangazwa kwamba ameshinda Tuzo ya Akutagawa, asubuhi alikuwa dukani. Jioni, mbele ya kamera, aliulizwa kama ataendelea na kazi, akajibu kwamba atashauriana na meneja wake. Aliendelea kwa muda, baadaye ndipo akaacha. Watu walilichekelea jibu lile kama kichekesho. Mimi nililisoma kama heshima kwa mtu anayepanga zamu na atakayebaki na pengo la kuziba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jiulize ni kitu gani unakijua pale kwenye keshi ambacho mimi na wenzangu hatukijui. Riwaya yako ina ukurasa mmoja wa namna hiyo? Kama bado haina, nusu iliyobaki ipeleke huko.

*

*Mheshimiwa Mama Vitabu, nafundisha fasihi. Wanafunzi wangu wanabishana: Keiko ana ugonjwa gani? Wengine wanataja usonji, wengine wanasema hana utu. Wewe unasemaje?*

Mwalimu, asante kwa kuniletea swali linaloniumiza kidogo kila ninapolisikia, kwa sababu nampenda sana Keiko.

Tuanze na kilichomo kitabuni. Keiko ana miaka 36, hajaolewa, hajawahi kuwa na mpenzi, amefanya kazi katika duka lile lile la Smile Mart tangu lifunguliwe mwaka 1998. Mameneja wamekuja na kuondoka; wa sasa ni wa 8. Utotoni alikuta ndege amekufa bustanini. Watoto wenzake walilia, yeye akamwambia mama yake wamchome wamle, maana baba anapenda ndege wa kuchoma. Watoto wengine wakamzika ndege huyo kwa machozi, kisha wakayanyonga maua ya bustani ili wampambie kaburi. Keiko anatazama maua yaliyouawa na haelewi kwa nini yeye ndiye anayeonekana wa ajabu. Shuleni wavulana wawili wakapigana, watu wakapiga kelele waachanishwe. Akachukua sepeto akampiga mmoja kichwani. Ugomvi ukaisha.

Wazazi wake walimpenda. Hilo Murata amelisisitiza. Walimpeleka kwa mshauri nasaha, mshauri akatafuta kasoro nyumbani, hakuiona. Mtoto akaamua kunyamaza, na akanyamaza hadi alipovaa sare ya duka na kukabidhiwa mwongozo unaosema usalimie vipi, utabasamu vipi, urudishe chenji vipi. Hapo akahisi amezaliwa.

Murata hakuandika jina la ugonjwa mahali popote katika riwaya hii. Naamini alikusudia. Ukishampa Keiko jina la ugonjwa, unapumua. Tatizo limekuwa lake, nawe umetoka salama. Riwaya haitaki utoke salama. Inakutaka utazame wanaomzunguka.

Mtazame mdogo wake wa kike. Ndiye anayempenda kuliko wote, ndiye aliyemtungia uongo wa kuwajibu wanaouliza: sema afya yako dhaifu. Baadaye Keiko anamchukua Shiraha, mwanamume mvivu mwenye maneno mengi aliyefukuzwa pale dukani, anamweka nyumbani kwake ili watu waache kumuuliza kuhusu ndoa. Shiraha analala kwenye beseni la kuogea, analetewa chakula humo humo. Hakuna mapenzi kati yao. Yule mdogo wake anafika, anaona hali ile, analia na kuuliza lini Keiko atapona. Shiraha anajitokeza na kudanganya kwamba alifumaniwa na mwanamke mwingine, ndiyo maana amefukuzwa chumbani. Papo hapo mdogo mtu anafurahi! Anamgombeza Shiraha kwa nguvu zote na uso wake umepata nuru. Keiko anaelewa: ndugu yangu ananitaka niwe wa kawaida hata kama nateseka, kuliko niwe wa ajabu na nina amani.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Nina wadogo zangu, nami nimewauliza maswali kwa upendo.

Waulize wanafunzi wako swali hili badala ya lile la ugonjwa: ni nani katika riwaya hii anayefanya kazi yake? Siku Keiko anaposema kwamba anaishi na Shiraha, meneja na mwenzake wanaacha kila kitu kwa ajili ya umbea, ilhali dukani kuna vijiti vya kuku vya bei ya punguzo vinavyongoja kukaangwa na kuuzwa. Wamekaa naye miaka, ghafla wamemwona kuwa mwanamke na wamesahau kwamba ni mfanyakazi. Keiko peke yake ndiye anayewafikiria wale kuku. Wanafunzi watacheka, na wacheke, ni ukurasa wa kuchekesha kweli. Kisha waambie wamtaje mtu mmoja kitabuni anayelijali duka, wateja na kazi kwa uaminifu kama yeye.

Kuhusu hoja kwamba hana utu, hiyo siikubali hata kidogo. Mwenye kusikiliza sarafu mfukoni mwa mtu ili asimcheleweshe ana namna yake ya kuwajali watu.

*

*Tuzo ya Akutagawa ni kubwa kiasi gani?*

Kwa fedha, ni yeni milioni 1 pamoja na saa ya mfukoni. Kwa hadhi, ndiyo inayotazamwa zaidi na Wajapani kwa waandishi wanaochipukia. Iliasisiwa mwaka 1935 na Kikuchi Kan, kwa kumkumbuka rafiki yake Ryunosuke Akutagawa aliyefariki mwaka 1927. Hutolewa mara mbili kwa mwaka. *Konbini Ningen* ilishinda ile ya 155, na nakala zake nchini humo zimepita milioni 1. Si jambo la kawaida kwa riwaya fupi ya fasihi nzito.

*

*Mama, mimi naona huyu dada anaichafua nchi yake. Ndoa, watoto, familia, yote anayageuza. Kweli Japani iko hivyo?*

Hapana, kaka yangu, na yeye hasemi iko hivyo. Lakini hakuvitoa hewani.

Mwaka 2016, mwaka uleule riwaya ilipotoka, watoto waliozaliwa Japani walikuwa chini ya milioni 1 kwa mara ya kwanza tangu takwimu zianze kukusanywa mwaka 1899. Sensa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba karibu mwanamume 1 kati ya 4 hufika miaka 50 bila kuoa kamwe, na mwanamke 1 kati ya 7 bila kuolewa. Zaidi ya nusu ya wanawake walioajiriwa wana kazi za muda au za mkataba, si ajira kamili. Riwaya ilipoingia madukani, kima cha chini cha mshahara Tokyo kilikuwa yeni 907 kwa saa. Mwanamke kama Keiko anasikia sauti mbili kwa pamoja: tafuta ajira ya maana, na kama huwezi, olewa uzae. Hana kingine anachoruhusiwa kuwa.

Anachofanya Murata ni kuichukua sauti hiyo na kuitii mpaka mwisho. Nchi inataka watoto? Basi katika *Satsujin Shussan* ya mwaka 2014, yeyote atakayezaa watoto 10 anapewa haki ya kumuua mtu mmoja, na jamii inampongeza. Katika *Shometsu Sekai* ya mwaka 2015, watoto hupatikana kwa njia ya maabara, na mume na mke wanaolala pamoja wanahesabiwa kuwa wamefanya uchafu wa ndugu kwa ndugu. Humo, mkoa wa Chiba, kwao kabisa, umegeuzwa mji wa majaribio ambako kila mtu mzima ni mama wa kila mtoto. Wahusika wake hawashangai. Wanaona ni kawaida, kama sisi tunavyoona yetu. Ukishtuka ukisoma, swali linalofuata ni lako: zile kawaida za kwetu ambazo hatuzishtukii, alizipitisha nani?

Huko si kuichafua nchi. Mtu asiyeijali nchi yake haketi kuanzia saa 8 usiku akiichunguza hivyo.

*

*Nimesoma mahali kwamba wenzake humwita “Sayaka kichaa”. Ni kweli?*

Ni kweli, na kwa waandishi rafiki zake lilikuwa jina la mapenzi. Lilipofika kwenye televisheni likawa kibandiko cha kumuuzia. Yeye mwenyewe ameandika jinsi lilivyomkosesha raha: watu wakikucheka na kukubandika jina, wanaonekana wamekupokea, kumbe wamekuweka pembeni. Alihuzunika pia kwa ajili ya wasomaji wake waliokuwa wanateseka kwa kuitwa hivyohivyo. Tangu nilipoyasoma maneno hayo sijalitumia tena, naomba nanyi mliache. Waandaaji wa matangazo ya vitabu, nawasihi hasa ninyi.

*

*Shikamoo mama. Binti yangu wa miaka 15 ameipenda ile ya dukani na sasa anataka “Earthlings”. Ina picha ya mwanasesere mzuri kwenye jalada. Nimruhusu?*

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Jibu langu ni hapana, si sasa. Jalada linapendeza, kilichomo ndani ni kizito.

Riwaya hiyo, kwa Kijapani *Chikyu Seijin*, ilitoka mwaka 2018. Inamhusu Natsuki, mtoto wa miaka 11 anayeamini kwamba mwanasesere wake wa kalunguyeye ametoka sayari nyingine, na kwamba yeye na binamu yake huenda si watu wa dunia hii. Mwalimu wa masomo ya ziada anamdhulumu kingono. Anajaribu kumwambia mama yake, mama hamwamini, anamgombeza. Kuanzia hapo sayari nyingine si mchezo tena. Ndiyo njia pekee ya mtoto kubaki hai. Anapokuwa mtu mzima anaiona jamii kama kiwanda, na matumbo ya watu ni mitambo ya kuzalisha watoto kwa ajili ya kiwanda hicho. Mwisho wake, kule milima ya Nagano, una mauaji na watu kula nyama ya watu. Hakuna kinachofichwa.

Wewe isome. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu ninazijua riwaya chache zinazoonyesha kwa ukali namna hii kinachompata mtoto aliyesema kweli akaambiwa ni mwongo. Soma kurasa za mama yake Natsuki taratibu. Kisha, bila kumpa binti kitabu, mfungulie mazungumzo.

Kwake, mpe kwanza hadithi moja kutoka mkusanyiko wa *Seimeishiki*, unaoitwa *Life Ceremony* kwa Kiingereza, lakini umchagulie wewe. Ile inayobeba jina la kitabu inahusu misiba ambako marehemu hupikwa na kuliwa, iruke. Mchagulie ile ya sweta za nywele za binadamu na pete za meno. Wachumba wawili wanagombana kwa sababu bwana arusi anakataa kuvaa vitu vilivyotengenezwa kwa miili ya watu, na kila mtu anamwona mkaidi. Baba yake marehemu amewaachia shela ya arusi iliyotokana na ngozi yake. Inatisha kidogo, lakini imejaa upole wa ajabu, na mtakuwa na mengi ya kubishania mezani.

*

*Bado anaandika, au aliishia kwenye lile duka?*

Anaandika, tena kwa mapana kuliko zamani. Mwaka 2025 ametoa *Sekai 99*, riwaya ya juzuu mbili, juu ya mwanamke asiye na tabia yake mwenyewe. Anajigeuza kulingana na kundi aliloketi nalo, lafudhi, kicheko na hasira zikiwa za wale walio mbele yake. Wasomaji wa Keiko watamtambua mara moja: naye aliiga usemi wa wenzake wa dukani na kuchungulia lebo za nguo zao ili ajue wanawake wa rika lake wananunua wapi. Wakati ule lilikuwa jambo dogo, aya chache tu. Sasa amelipa juzuu mbili. Kwa anayesoma Kiingereza, *Shometsu Sekai* nayo imetoka mwaka huohuo wa 2025 kwa jina la *Vanishing World*, mfasiri akiwa Ginny Tapley Takemori, yuleyule aliyetuletea ile ya dukani. Mwenye nafasi ya kitabu kimoja tu aanze na ya dukani. Ni fupi, na anayesafiri kwa basi la asubuhi anaweza kuimaliza kabla ya wiki kuisha.